Gilasi za bibi zimenasana baada ya hitma: tuzitenganishe vipi bila ya kuzivunja?

Binti wa Tibirinzi (mwenye uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini hapa kwetu Chake Chake limetukalisha jikoni tangu juzi. Tulikuwa na hitma ya marehemu bibi yetu, na kwa kuwa watu walikuwa wengi tulizitoa kabatini gilasi zake kumi na nne za sharubati, zile zenye mdomo mpana na kitako chembamba, ambazo yeye mwenyewe alikuwa hazitoi ila siku za Idi. Baada ya shughuli, majirani waliotusaidia kuosha vyombo walizisuuza kwa maji ya moto ya birika, na kwa sababu meza ilikwisha jaa masinia, wakazipachika mbilimbili, moja ndani ya nyingine, zikiwa bado mbichi kwa maji. Kulipokucha tukazikuta jozi zote saba zimenasana.

Kaka yangu alijaribu kuzichopoa kwa nguvu. Jozi ya kwanza ilitoka, na hiyo ndiyo iliyomponza, kwani ya pili aliivuta vilevile ikampasukia mkononi: gilasi ya nje ilivunjika vipande vitatu, ya ndani ikasalimika, na yeye akashonwa nyuzi nne kiganjani. Tangu hapo mama ameziweka zilizobaki juu ya friji na amekataza mtu yeyote kuzigusa mpaka apatikane mwenye kujua.

Zimebaki jozi tano, na nimezitazama kwa makini kabla ya kuandika. Tatu kati ya hizo, nikizivuta kidogo, husogea kiasi cha kuonekana kwa jicho halafu hurudi zenyewe kama zimefungwa kwa mpira. Ya nne haitikisiki hata chembe. Ya tano nayo haitikisiki, lakini ina mstari wa rangi ya manjano uliozunguka pale zinapogusana. Gilasi zote zina uzi wa dhahabu mdomoni ambao mama hataki uharibike.

Kijana wa Kwerekwe

Waalaykum salaam. Pole sana dada, na Mungu amrehemu bibi. Mimi ningekushauri uchemshe maji mpaka yatokote, kisha uyamimine ndani ya gilasi ya juu, kwa sababu kioo kikipata moto hutanuka, na kikitanuka lazima kiachie. Ikishindikana, jaza maji ya kawaida, uzitie friza usiku mmoja, na asubuhi utazikuta zimelegea. Mimi nimeona watu wakifanya hivyo kwenye video.

Maalim Mstaafu

Waalaykum salaam warahmatullah. Nimesomesha fizikia katika skuli za Unguja kwa miaka mingi, na swali hili nilikuwa nikiwapa wanafunzi wangu kila mwaka tulipofika katika somo la kutanuka kwa vitu. Mtaniwia radhi nikiandika bilauri, kwani ndilo neno lililozoea mkono wangu.

Mwanangu wa Kwerekwe amesema kweli kwamba kioo kikipata moto hutanuka, ila amekielekeza moto mahali pasipo pake. Bilauri iliyo ndani ndiyo iliyobanwa, nayo ukiitia maji ya moto itatanuka na kujikaza zaidi katika ile ya nje, na kama maji hayo yanatokota, huenda bilauri mbili zikawa vigae kabla hujaweka birika chini. Tunalolitaka ni kinyume chake: ya nje itanuke na ya ndani isinyae. Kwa hiyo maji ya moto yawe nje na baridi iwe ndani.

Na hilo la friza, dada, usilijaribu kabisa. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na yale yaliyojificha kati ya bilauri mbili hayana pa kuongezekea isipokuwa kukisukuma kioo. Chupa ya soda iliyosahauliwa friza inapasuka kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nieleze kwa kiasi gani kioo hutanuka, kwa sababu mtu akijua udogo wa kipimo chenyewe ataelewa kwa nini kazi hii haitaki nguvu. Kioo cha kawaida cha bilauri hutanuka kwa sehemu 9 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Tuchukue bilauri yenye mdomo wa milimita 70. Ya nje tukaipasha hadi nyuzi 45, ambayo ni joto la maji yanayovumilika kwa mkono japo kwa tabu, na ya ndani tukaipoza kwa barafu hadi nyuzi 5. Tofauti ni nyuzi 40, na ukizidisha utapata kwamba nafasi iliyoongezeka kati yao ni milimita 0.025, yaani sehemu moja ya arobaini ya milimita, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Tena hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, kwa sababu bilauri zenyewe zimegusana na hupeana joto, hivyo katika hali halisi tarajia nusu yake. Hata hivyo nusu hiyo inatosha, kwa kuwa bilauri hizo zina umbo la kabari: zinashikana pale tu kuta zinapokabana, na zikiachana kidogo tu pande zote kwa mara moja, mshiko wote umekwisha.

Kwa vitendo, fanya hivi. Tandika taulo chini ya dishi ili bilauri isigonge. Weka jozi yako wima, tia ya ndani barafu iliyopondwa na maji kidogo, uisubiri dakika mbili au tatu, halafu mimina maji ya uvuguvugu ndani ya dishi mpaka yafike karibu na mdomo wa ile ya nje, bila ya kuingia katika ya ndani. Hesabu mpaka sitini. Kisha shika zote mbili kwa vitambaa na uzizungushe, moja kulia na nyingine kushoto, kama anayefungua kifuniko cha chupa ya chai. Usivute kabla ya kuzungusha, na usizipindue upandeupande, kwani kioo huvumilia sana kubanwa lakini hakivumilii kupindwa. Zisipokubali, ziache zirudi katika joto la kawaida ndipo urudie. Usiongeze moto wa maji kwa hasira.

Mama Shughuli wa Ng'ambo

Dada yangu wa Pemba, poleni na msiba, na kaka apone haraka. Mimi nakodisha vyombo vya harusi na maulidi hapa mjini, na gilasi kunasana ni jambo la kila wiki kwangu. Namheshimu maalim, lakini katika kazi hii sijawahi kutumia barafu hata siku moja. Mimi hutia maji ya uvuguvugu katika dishi, nikazilaza humo jozi nzima kwa muda wa kukoroga sukari katika birika la chai, nikizitoa zinaachana zenyewe, nyingine hata zikitoa sauti ya kupumua. Barafu niliwahi kuijaribu mara moja kwa kuambiwa, zikazidi kushikana. Naomba maalim atufafanulie, kwa sababu hesabu yake ni nzuri lakini gilasi zangu hazijaisoma.

Maalim Mstaafu

Bi mkubwa, umenirudisha darasani, na swali lako ni zuri kuliko jawabu langu la mwanzo. Nilijibu kana kwamba bilauri zote hunasana kwa sababu moja, ilhali mwenye uzi alikwisha tueleza kwamba zake haziko namna moja.

Tuzitazame zile tatu ambazo zikivutwa husogea na kurudi. Hizo hazikubanwa na kioo, zimefyonzwa. Majirani walizisuuza kwa maji ya moto na kuzipachika zikiwa mbichi. Hewa iliyobaki kati ya kitako cha ya ndani na kitako cha ya nje ilikuwa ya moto, na utando wa maji uliozunguka ukawa kama kizibo. Usiku hewa hiyo ikapoa. Hewa iliyofungiwa ikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 30 hupungua kani yake kwa asilimia 9 hivi, na ukipima duara la sentimita 6 utakuta kwamba hewa ya nje inazisukuma bilauri hizo zishikane kwa uzito kama wa kilo mbili na nusu. Mvuke uliokuwamo nao ukigeuka tena maji, nguvu hiyo huongezeka. Otto von Guericke wa Magdeburg, huko Ujerumani, aliwashangaza watu katika karne ya 17 kwa nusu mbili za tufe la shaba alizozitoa hewa ndani, makundi mawili ya farasi yakavutana yasiweze kuzitenganisha. Jikoni kwa dada yetu mna farasi wadogo watatu wa namna hiyo.

Ndiyo maana barafu ilikukatalia, bi mkubwa. Wewe vyombo vyako huoshwa kwa maji ya moto na kupangwa kwa haraka, kwa hiyo vingi vyao vimefyonzwa, na ukitia barafu ndani unaipoza ile hewa iliyofungiwa na kuzidisha mfyonzo. Maji ya uvuguvugu peke yake huirudishia hewa kani yake, ikasukuma ya ndani itoke, na ile sauti ya kupumua uliyoisikia ni hewa yenyewe inayopita mdomoni. Barafu ni ya jozi zilizobanwa kama kabari, zile zisizotikisika. Kwa hiyo nasahihisha ushauri wangu: dada wa Tibirinzi, zile tatu zitengeneze kwa njia ya Mama Shughuli, na barafu uihifadhi kwa ajili ya ile ya nne.

Kijana wa Kwerekwe

Nimekubali kosa, maalim. Lakini gilasi zetu nyumbani ni za Duralex na tunazimiminia chai inayotoka jikoni moja kwa moja, hazijawahi kufanya lolote. Je, hizo nazo zina hatari?

Maalim Mstaafu

Hizo ni kioo cha aina nyingine. Duralex ni za kiwanda cha Ufaransa kilichoko La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na mji wa Orléans, na kioo chake hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha hupozwa ghafla kwa upepo, ili ngozi yake ya juu ibaki imejibana. Kwa sababu hiyo huvumilia maji ya moto na kuanguka kuliko kioo cha kawaida, ila siku ikishindwa haitoi vipande vitatu, humwagika yote kwa punje ndogondogo. Tazama kitako, kwa kawaida huwa pameandikwa. Bilauri ya marehemu bibi iliyovunjika vipande vitatu vikubwa imekwisha tuambia yenyewe kwamba ni kioo cha kawaida, na kama imetumika miaka mingi basi ina mikwaruzo isiyoonekana, na ufa huanzia hapo. Mimi kwa bilauri nzee nisingevuka tofauti ile ya nyuzi 40 niliyoitaja, na jaribio la kwanza ningelifanya kwa tofauti ndogo zaidi.

Muuza Juisi wa Darajani

Assalaam alaykum jamaa. Naona mmeisahau ile ya tano, yenye mstari wa manjano. Hiyo haikubanwa wala haikufyonzwa, imegandishwa na sukari. Mimi nauza juisi ya ukwaju na ya embe, na naijua vizuri: gilasi ikisuuzwa nusunusu, shira hubaki chini ya mdomo kwa nje, ukiipachika katika nyenzake shira hukauka ikawa kama gundi. Hapo barafu haifai, wala kuzungusha hakufai, kwa sababu sukari kavu ina nguvu na kitakachoachia kwanza ni kioo. Dawa yake ni maji tu, ila yapewe muda. Zizamishe jozi nzima katika ndoo ya maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo, ziache tangu asubuhi mpaka jioni, ukibadilisha maji yakipoa. Sukari yote huyeyuka, kinachochelewesha ni kwamba maji hupenya polepole mno katika upenyo ule mwembamba. Ukiona mstari wa manjano umepotea, ndipo uzungushe.

Mkaazi wa Jambiani

Kwetu huku mashamba ya kusini mstari huo mara nyingi huwa mweupe na si wa manjano, na sababu yake ni maji ya visima vyetu ambavyo vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Maji hayo yana chokaa, na yakikauka katikati ya gilasi mbili huacha ukoko usioyeyuka kwa sabuni. Sisi hudondoshea siki nyeupe pale mdomoni, tukaiacha saa moja, na ukitazama kwa karibu utaona vipovu vidogo vikipanda. Kisha husuuza. Nimeandika kwa faida ya atakayeusoma uzi huu akiwa na tatizo letu, kwani ya dada inaonekana kweli ni shira.

Binti wa Tibirinzi (mwenye uzi)

Nawashukuru nyote, na Mungu awalipe. Nimesubiri mama alale mchana ndipo nikaanza, kwa sababu asingenivumilia kuziona tena ndani ya maji.

Zile tatu nimezitengeneza kama alivyosema Mama Shughuli. Sikuhitaji hata kuwasha jiko, kwani maji ya tangi letu jeusi la juu ya paa yalikuwa ya moto wa kutosha saa nane mchana, nikayachanganya na kidogo ya birika. Jozi ya kwanza iliachana ndani ya dishi kabla sijaigusa. Ya pili nayo vivyo hivyo, na sauti ya kupumua niliisikia. Ya tatu ilitaka kuzungushwa robo mzunguko, ikatoka. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni na mkono wake wenye bandeji, hakusema neno.

Ya tano bado iko ndani ya ndoo. Ya nne imenikatalia. Nimetia barafu, nimesubiri, nimeweka maji ya uvuguvugu nje, nimezungusha mpaka vidole vikaniuma, mara mbili. Haikutikisika. Jirani ananiambia nipitishe ncha ya kisu katikati. Mnasemaje?

Mama Shughuli wa Ng'ambo

Kisu hapana, mwanangu, usithubutu. Kisu nimekiona kikifanya kazi moja tu katika gilasi, nayo ni kuling'oa pande la mdomo lenye umbo la mwezi, kisha gilasi haifai tena kuwekwa mbele ya mgeni. Tia mafuta. Dondosha matone machache kuzunguka mdomo pale zinapokutana, uiache imelala ubavu na kuigeuza kila baada ya muda ili yaenee.

Binti wa Tibirinzi (mwenye uzi)

Ahsante, shangazi. Nyumbani tuna mafuta ya nazi tuliyokamua wenyewe. Nitatumia hayo.

Maalim Mstaafu

Subiri, mwanangu. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mambo mengi, lakini huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa kwetu hatulioni hilo kwa sababu ya joto letu, ila wewe unakusudia kutia barafu baadaye. Yatakuwa yamekwisha penya vizuri, kisha ubaridi wa barafu utayagandisha palepale katikati, na badala ya kilainishi utakuwa umejipatia nta. Tumia mafuta ya alizeti au mafuta mepesi ya cherehani, ambayo hubaki majimaji katika baridi ya barafu. Ukitumia ya cherehani, bilauri zioshwe mara mbili kwa sabuni kabla ya mtu kunywea.

Na nikuulize, ulipotia barafu ulisubiri muda gani baada ya kuweka maji ya nje? Kioo hupitisha joto polepole, lakini ukuta wa milimita tatu si mnene, na barafu ikikuyeyukia kabla ya kuzungusha, bilauri ya ndani hupata joto la ya nje na faida yote hupotea.

Binti wa Tibirinzi (mwenye uzi)

Mara ya kwanza nilikuwa nikisoma maelezo yako kwenye simu, maalim, kwa hiyo barafu ilikwisha kuwa maji. Mara ya pili umeme ulikuwa umekatika na barafu yenyewe ilikuwa chache.

Mvuvi wa Mkokotoni

Kuhusu barafu, dada, ukiweza kupata ile tunayopakia samaki, itakaa muda mrefu zaidi kuliko ya friji kwa sababu ni pande zima, nawe uivunje kwa nyundo ndani ya mfuko, si ndani ya gilasi. Ukichanganya chumvi itapoa kupita nyuzi sifuri, lakini kwa gilasi nzee sidhani kama maalim atakuruhusu.

Maalim Mstaafu

Simruhusu.

Kijana wa Kwerekwe

Kuna fundi wa magurudumu hapa jirani mwenye mashine ya upepo. Nimemuona akizitenganisha ndoo za plastiki zilizonasana kwa kupuliza upepo ukingoni, na zilitoka kama risasi. Dada anaweza kupeleka hiyo moja.

Mama Shughuli wa Ng'ambo

Mwanangu, umejijibu mwenyewe uliposema kama risasi. Ndoo ikiruka inaangukia mchangani, gilasi ikiruka inaangukia macho ya mtu.

Maalim Mstaafu

Tena ndoo za plastiki hazihitaji hata upepo, kwa sababu plastiki hutanuka mara kumi na zaidi kuliko kioo kwa joto lilelile. Maji ya uvuguvugu kwa nje na ya baridi kwa ndani huzimaliza kwa dakika moja. Sufuria za alumini nazo hutanuka zaidi ya mara mbili kuliko kioo. Kati ya vyombo vya jikoni, kioo ndicho kinachotaka subira kubwa kwa malipo madogo.

Binti wa Tibirinzi (mwenye uzi)

Nimerudi na habari. Ya tano iliachana jana magharibi. Mstari wa manjano ulikuwa umekwisha kabisa katika maji ya tatu, na nilipoizungusha ilisogea kwa uzito, kama kifuniko cha kopo la asali, kisha ikatoka. Ndani ya gilasi ya nje palikuwa na utando wa shira bado unaonata. Muuza Juisi, ulisema kweli.

Ya nne nilitia mafuta ya alizeti kwa kijiti cha pamba, nikaepuka kuusugua ule uzi wa dhahabu, nikailaza juu ya kitambaa na kuigeuza kila nilipopita. Mafuta yaliingia taratibu mno: baada ya sala ya isha yalikuwa yameshuka upana wa kidole upande mmoja tu. Alfajiri ya leo, nilipoitazama kwenye mwanga wa taa, niliyaona yamezunguka pande zote. Nikatia barafu ya wavuvi iliyovunjwavunjwa, kwani baba alipita sokoni, nikasubiri dakika tatu, nikamimina maji ya uvuguvugu nje, na safari hii simu niliiacha chumbani. Nilizungusha, haikuja. Nikagonga ukingo wa ile ya nje kwa mpini wa mwiko, polepole, huku nikizunguka, mara nane au tisa, nikazungusha tena. Ikalia kidogo, na mkono wangu mmoja ukabaki na gilasi iliyojaa barafu.

Lakini nilipozikausha niligundua jambo. Gilasi ya nje ya jozi hiyo, nikiigonga kwa ukucha, haitoi mlio kama wenzake. Inatoa sauti kavu.

Maalim Mstaafu

Ijaze maji, uikaushe kwa nje, na uisimamishe juu ya karatasi usiku mzima. Kisha ipeleke kwenye jua na uigeuze taratibu. Mlio mkavu mara nyingi ni ufa, na ufa hung'aa kama uzi wa fedha ukipata mwanga wa ubavuni. Huenda haukutokana na kazi yako ya leo. Bilauri iliyokazwa ndani ya nyingine kiasi cha kutotikisika, yaelekea ilisukumizwa na mtu, na ya nje ndiyo inayobeba mvuto wote wa kutanuliwa.

Binti wa Tibirinzi (mwenye uzi)

Karatasi ni kavu, lakini ufa upo, maalim. Unaanzia chini kidogo ya uzi wa dhahabu na kushuka kama upana wa vidole viwili. Mama amesema ni jirani mmoja, ambaye hatumtaji, alizikandamiza kwa kiganja ili zisianguke mezani.

Kwa hiyo gilasi zilizo salama ni kumi na mbili, na hiyo yenye ufa hatutaitia chai wala sharubati. Sasa mama anataka kujua namna ya kuziweka, kwa sababu kabati ni dogo na haziwezi zote kusimama mojamoja.

Mama Shughuli wa Ng'ambo

Mimi zangu huzipanga hivi. Kwanza zinakauka kabisa, zikiwa zimepinduliwa juu ya kitambaa, na hakuna kupachika chochote chenye maji au chenye joto. Mwambie mama asipachike gilasi iliyotoka majini ndani ya iliyotoka kabatini, wala kinyume chake, zote zingoje mpaka ziwe na joto moja. Halafu kati ya moja na nyingine natia kipande cha kanga kuukuu kilichokatwa mraba, kikubwa kiasi cha kutokeza nje ya mdomo pande zote. Kanga ni laini, haikwaruzi, na ukitaka kuitoa ya ndani unavuta kitambaa. Karatasi inafaa pia, lakini katika miezi ya masika hupata unyevu ikagandia. Na sipachiki zaidi ya mbili, kwa sababu ya tatu huongeza uzito wake juu ya zilizo chini.

Mvuvi wa Mkokotoni

Asiye na kanga atumie mshipi. Kabla ya kupachika, ning'iniza kipande cha mshipi wa nailoni kutoka mdomoni mpaka karibu na kitako, mwisho wake ubaki nje. Mshipi huo huacha njia ya hewa, na gilasi isiyozibwa haiwezi kufyonzwa. Ndivyo ninavyoweka vikombe vya chai ndani ya mashua, na sijapata kuvigombania.

Binti wa Tibirinzi (mwenye uzi)

Tumetumia kanga. Zimeingia zote kumi na mbili katika rafu ya juu, sita mbele na sita nyuma, na mama amezijaribu moja baada ya nyingine kuona kama zinatoka. Zinatoka.